Nyumba kubanana na magonjwa ya kuambukiza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika yakikolea na kipindupindu kikaanza kutajwa redioni, lawama hupelekwa Uswahilini kwa Dar es Salaam: Tandale, Manzese, Buguruni, Vingunguti. Korona ilipoingia, Mathare na Kibera za Nairobi zilisemwa vivyo hivyo. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya vyumba sita, korido katikati na choo uani, kisha nikaja kufanya kazi ya afya ya jamii. Maswali haya nimeulizwa barazani, kwenye vikao vya mtaa, na mara moja msibani, marehemu bado hajazikwa.

Kwa ufupi: nyumba zikibanana magonjwa yanaenea zaidi, ndiyo au hapana?

Inategemea unachokiita kubanana, maana watu huchanganya vitu viwili. Kuna wingi wa watu kwenye eneo, yaani kilomita moja ya mraba ina watu wangapi. Halafu kuna msongamano wa ndani: chumba kimoja wanalala wangapi, choo kimoja kinatumiwa na kaya ngapi, maji yanatoka wapi. Wingi wa watu kwenye eneo, ukiusimamisha peke yake, hauna nguvu kubwa kama tunavyoupa. Msongamano wa ndani ndio unaotulaza hospitalini.

Chukua ghorofa la Kariakoo lenye familia arobaini, kila familia na vyumba vitatu, choo chake na bomba lake. Ukipima kwa eneo, watu wa hapo wamebanana kuliko mtaa wowote wa Manzese. Lakini mtu akikohoa usiku, anawakoholea watu wanne wa kwake tu. Sasa chukua nyumba ya udongo iliyo peke yake shambani, jirani wa karibu ni mwendo wa robo saa, na ndani watoto sita wanalala na bibi yao kwenye chumba kisicho na dirisha. Bibi akiwa na kifua kikuu, nafasi yote ile ya shambani haiwasaidii chochote.

Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi huhesabu kuwa kuna msongamano pale watu wanapozidi watatu kwa chumba. Hesabu kwako kabla hujaendelea kusoma.

Mbona korona iliipiga zaidi miji mikubwa?

Mwanzoni ilianzia mijini kwa sababu ndege hutua mijini. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza Nairobi tarehe 13 Machi 2020, Tanzania siku tatu baadaye, Arusha, na wote wawili walikuwa wametoka safari za nje. Baada ya hapo hadithi ikabadilika.

Angalia New York. Kisiwa cha Manhattan ndicho chenye watu wengi zaidi kwa eneo katika jiji lile, lakini maambukizi yalikuwa makubwa zaidi Bronx na Queens, kwenye nyumba ambamo ndugu wengi hugawana vyumba vichache na asubuhi hawawezi kufanyia kazi nyumbani. Singapore nayo imejaa maghorofa kila upande, ila mwaka 2020 wagonjwa wake wengi mno hawakutoka humo. Walitoka kwenye mabweni ya vibarua wa kigeni, wanaume kumi na zaidi chumba kimoja, vitanda vya kupandana, bafu la pamoja. Jiji ni lile lile na virusi ni vile vile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Mumbai. Julai 2020 watafiti walipima damu za watu kwenye kata tatu za jiji hilo. Kwenye mitaa ya mabanda, asilimia 57 walikutwa na dalili kwenye damu kwamba wameshaambukizwa. Kwenye majengo ya kawaida ya kata hizo hizo, asilimia 16. Kata moja, hewa moja ya nje, soko moja. Kilichotofautiana ni vyumba, na vyoo vya kupangia foleni.

Takwimu za wingi wa watu unazozitaja zinaaminika?

Za sensa, ndiyo. Za mdomoni, angalia. Kibera ilisemwa kwa miaka mingi kuwa ina watu milioni moja, hadi sensa ya 2009 ikahesabu kama 170,000. Mathare, sensa ya 2019 ilipata karibu watu 69,000 kwa kilomita moja ya mraba. Dar es Salaam nzima, kwa sensa ya 2022, ina watu 5,383,728, ambao ukiwagawa kwa eneo lote la mkoa hawafiki 4,000 kwa kilomita. Wastani kama huo haukuambii lolote kuhusu Tandale, kwa sababu umechanganywa na mashamba ya pembezoni na bustani za Oysterbay.

Kuna ugonjwa gani hasa unaotokana na kubanana?

Kila ugonjwa una njia yake, na hapa ndipo mazungumzo mengi hupotea.

Surua ni balaa la hewa. Mgonjwa mmoja, mahali ambapo hakuna aliyechanjwa, anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na virusi hubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada yake kutoka. Kwa surua hata wingi wa watu mjini una uzito, kwa sababu mji wa mamia ya maelfu una watoto wapya kila siku wa kuuendeleza ugonjwa usizimike. Dawa yake ni chanjo, na mji huohuo uliobanana ndipo watoto wengi wanachanjwa kwa siku moja bila gari la porini.

Kifua kikuu ni cha chumba na muda. Kipindupindu ni cha maji na choo. Ebola ni ya kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti. Kidingapopo ni cha mbu. Ukiyaweka yote kwenye kapu moja na kuliandika "msongamano", utaishia kubomoa nyumba ili kuzuia mbu anayezaliwa kwenye pipa lako.

Tunatumia choo kimoja kaya sita. Kipindupindu kikija tumekwisha?

Swali hili nitakaa nalo kidogo.

Kipindupindu hakirukii mtu kwa sababu mmepakana ukuta. Lazima umeze kinyesi cha mgonjwa, samahani kwa lugha, kupitia maji, chakula au mkono. London mwaka 1854, daktari John Snow alifuatilia vifo vya mtaa wa Soho hadi kwenye pampu moja ya maji ya Broad Street. Wakubwa wa zama zake waliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa mbaya ya mitaa ya maskini. Yeye alisema ni maji, mpini wa pampu ukaondolewa. Mitaa ile ilibaki imebanana vilevile.

Kwetu tatizo lina jina: kutapisha. Choo cha shimo kimejaa, gari la majitaka haliingii kwenye vichochoro, na likiingia bei yake ni kodi ya mwezi. Basi mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa, usiku unatobolewa ubavu wa shimo, na mzigo wote unakwenda na maji kwenye mfereji. Asubuhi kila mtu anafagia mbele ya mlango wake na hakuna anayejua ni nani. Maji hayo yanaingia kwenye visima vifupi na kwenye mabomba ya plastiki yaliyopasuka, hasa mgao ukikata maji na bomba likabaki tupu likinyonya tope la nje. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukasambaa mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar ulipita njia za namna hii.

Kwa hiyo choo kimoja kwa kaya sita ni hatari kwa sababu kinajaa haraka, hakina mwenyewe wa kukisafisha, na kwa kawaida hakina maji ya kunawa mlangoni. Rekebisha hayo matatu na kaya sita wanaweza kuvuka mlipuko salama. Nimeona nyumba ya Buguruni ambayo mama mwenye nyumba alipanga zamu ya usafi kwa kalenda iliyobandikwa koridoni, akaning'iniza dumu lenye tundu na kipande cha sabuni kwenye soksi. Jirani zake walilazwa. Sisemi ni kalenda peke yake iliyowakinga, ila ile soksi siisahau.

Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, msisubiri. Mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti huku mkimkimbiza kituoni. Akitibiwa mapema, hatari ya kufa ni chini ya asilimia moja. Akiachwa, anaweza kumaliza maji yote mwilini ndani ya saa chache.

Basi wa ghorofani tuko salama?

Waulize watu wa Amoy Gardens, Hong Kong. Mwaka 2003, wakati wa ugonjwa wa mapafu wa SARS, mgeni mmoja aliyekuwa anaharisha alilala kwenye jengo E la makazi hayo. Walioambukizwa pale walizidi 300, na 42 wakafa. Wengi wao hawakuwahi kukutana naye. Wachunguzi waliukuta mlango wa virusi mahali ambapo fundi bomba yeyote angeutilia shaka: zile kona za bomba la sakafuni bafuni ambazo hubakiza maji ili hewa ya majitaka isirudi. Watu walikuwa wanapiga deki kwa tambara badala ya kumwaga maji, kona zikakauka, na feni za bafuni zikawa zinavuta hewa ya bomba la chini na kuiingiza ndani.

Kama una bafu la wageni lisilotumika, mwagia maji sakafuni mara moja kwa wiki. Ukisikia harufu ya majitaka inapanda, hiyo kona imekauka.

Mpangaji mwenzetu ana kifua kikuu. Tumwambie ahame?

Hapana, na kumhamisha kutawaumiza na nyinyi. Atakwenda kupanga chumba kidogo zaidi kwa watu wasiojua, au ataacha dawa akihangaika na mahali pa kulala. Akiacha dawa katikati, vimelea vinaweza kuwa sugu, na huo ni mzigo mwingine kabisa.

Ukweli wenyewe ni huu. Vimelea vya kifua kikuu husafiri kwa hewa mtu anapokohoa, anapoimba, hata anapoongea kwa nguvu. Havipiti kwenye sahani, kikombe, shuka wala kiti cha choo, kwa hiyo kumtengea mgonjwa vyombo ni kumuaibisha bure. Anayepata ugonjwa kwa kawaida ni yule aliyevuta hewa yake kwa saa nyingi, siku nyingi: mke, mtoto, anayelala naye chumba. Mpangaji wa chumba cha tano anayepishana naye koridoni yuko mbali na hatari hiyo, ingawa hayuko nje kabisa.

Akiwa kwenye dawa zinazomfaa, kwa kawaida baada ya kama wiki mbili nguvu yake ya kuambukiza imeshuka sana, lakini dozi yenyewe huchukua miezi sita na lazima aimalize. Dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, Tanzania na Kenya. Watoto wa chini ya miaka mitano walioishi naye wapelekwe kituoni hata kama hawakohoi, kwa sababu kuna dawa ya kuwakinga. Na yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku au nguo zinazoanza kumpwaya, akapime makohozi.

Kazi yenu nyinyi wengine ni dirisha. Nalijibu hapa chini.

Dirisha linasaidia kweli, au ni maneno ya mabwana afya?

Linasaidia kuliko barakoa nyingi nilizoziona zimevaliwa kidevuni. Hewa ikipita, vimelea vinapungua chumbani hata kama mgonjwa yumo. Lima, Peru, watafiti walilinganisha wodi za zamani, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, na wodi mpya zenye mitambo ya kubadilisha hewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa za zamani zikifunguliwa madirisha zilibadilisha hewa mara nyingi zaidi kuliko zile za mitambo.

Shida ya Uswahilini ni kwamba dirisha lipo na halifanyi kazi. Linatazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono. Usiku linafungwa kwa ajili ya wezi na mbu. Na siku hizi kila mwenye nyumba anataka aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukiifungua mpaka mwisho nusu yake imezibwa na kioo cha pili. Nairobi, kwenye maghorofa ya vyumba kimoja kimoja ya Pipeline na Huruma, hali ni mbaya zaidi: chumba kinafungukia korido ya ndani, taa inawashwa saa sita mchana.

Weka nyavu na nondo, ili liweze kulala wazi. Toa matundu juu ya mlango, upande ulio mkabala na dirisha, hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea.

Lakini Mji Mkongwe na Lamu nyumba zimebanana tangu enzi na enzi. Wazee waliishije?

Vichochoro ni vyembamba, kweli, punda wawili wakikutana mmoja anasubiri. Ndani kuna ua ulio wazi juu, dari ndefu, na kuta nene zinazopoza nyumba. Birika la choo, yaani tangi la maji la chooni, lilifugiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, ufundi ambao ningependa kuuona tena. Ila tusipambe mambo. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana Zanzibar, nyumba za mawe na vibanda vya makuti pamoja, kwa sababu visima havikuchagua.

Kwa hiyo kijijini ni salama zaidi?

Kwa baadhi ya magonjwa. Kwa malaria ni kinyume: kwa ujumla mtu wa mjini huumwa na mbu wa malaria mara chache kuliko wa kijijini, kwa kuwa mbu wetu wa kawaida wa malaria hupenda madimbwi ya maji safi yanayopigwa jua. (Kuna mbu mgeni, Anopheles stephensi, anayezaana kwenye matangi ya mjini. Alionekana Djibouti 2012 na sasa yuko Kenya. Huyo ataharibu hesabu hii.)

Umbali peke yake haujawahi kumkinga mtu. Kipindupindu kile cha Zanzibar, kwa mujibu wa daktari James Christie aliyekuwapo, kilishuka na misafara kupitia nchi ya Wamasai, wafugaji waliotawanyika kuliko watu wote, hadi Pangani, kisha kikavuka bahari. Na homa kuu ya mafua ya 1918 iliua karibu mtu mmoja kati ya watano huko Samoa ya Magharibi, visiwa vya Pasifiki visivyokuwa na jiji lolote, baada ya meli moja kutia nanga. Samoa ya Wamarekani, jirani kabisa, ilifunga bandari na haikupoteza mtu.

Kidingapopo je?

Mbu wake huzaliwa kwenye maji yaliyotulia karibu na nyumba: mapipa, matairi, vyungu vya maua. Anauma mchana. Dar iliumwa vibaya 2014 na 2019. Kwa kuwa mbu huyu haruki mbali, nyumba zilizo karibu humrahisishia kazi, lakini anayemlea ni mgao wa maji unaotulazimisha kuweka mapipa. Funika pipa. Jina lake la Kiingereza, wapo wataalamu wanaosema "dengue" imetokana na kidinga pepo yetu ya Zanzibar.

Ebola ikiingia jiji kama Dar, si itatumaliza?

Iliwahi kuingia majiji. Goma ya Kongo, watu kama milioni mbili mpakani mwa Rwanda, ilipata mgonjwa wa kwanza Julai 2019. Waliothibitishwa mjini humo wakaishia wanne. Lagos, Julai 2014, msafiri mmoja kutoka Liberia alianzisha mlolongo wa wagonjwa 20, wanane wakafa, na Oktoba 20 Nigeria ikatangazwa salama. Walifuatilia watu karibu 900 nyumba kwa nyumba. Jiji lenye msongamano wa Lagos lina pia wafanyakazi wa afya, maabara na simu.

Serikali ikifunga mtaa mzima, inasaidia?

Mara nyingine hupunguza safari za ugonjwa, lakini ndani ya ukuta hali inaweza kuwa mbaya. Tarehe 6 Mei 2020 Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa. Agosti 2014 Monrovia, Liberia, walizingira mtaa wa West Point kwa sababu ya Ebola, yakazuka mapambano, kijana mmoja akapigwa risasi na kufa, na zuio likaondolewa baada ya siku chache. Watu waliofungiwa huficha wagonjwa.

Si ingekuwa bora kubomoa mabanda na kuwatawanya watu?

Dawa hii imeshajaribiwa kwetu. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye Indian Bazaar ya Nairobi, na maofisa wa Waingereza wakaichoma moto. Tauni ilirudi miaka iliyofuata. Kufikia 1913 walikuwa wamemleta Profesa Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, ambaye tiba yake ilikuwa kutenga makazi kwa rangi za watu. Dar es Salaam ilichorwa kwa mawazo hayo hayo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ukiachwa katikati ya Uhindini na Kariakoo. Afya ndiyo ilikuwa kisingizio. Mabomba ya maji yalifuata rangi pia, na hilo ndilo lililoamua nani augue.

Nyumba ikibomolewa leo, wapangaji hawapati vyumba vikubwa. Wanajibana na shemeji mtaa wa pili, wanane chumba kimoja.

Mimi ni mwenye nyumba, na pesa ni ndogo. Nianze na nini?

Choo. Ongeza tundu la pili kabla hujaongeza chumba cha saba. Shimo livutwe na gari au na vijana wa pampu za mkono kabla ya mvua za Machi. Weka maji na sabuni mlangoni, hata dumu la lita tano linatosha. Halafu toboa matundu ya hewa juu ya kila mlango, fundi atamaliza kwa siku moja. Na yule anayetaka kulaza wadogo zake watano kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, zungumza naye, labda mle sebuleni uliyoigeuza stoo panaweza kulazwa wawili.